Kilemba Kimoja, Vichwa Vitatu

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za wanyama kusema, la, nasema zamani za juzi tu, umeme ulikuwapo na ulikuwa unakatika kama kawaida yake, palikuwa na fundi cherehani mmoja mjini Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Jina lake Mwanamvua. Mnaitika au mnanitazama tu? Haya. Mwisho nitawauliza swali, na atakayesema hakusikia vizuri nitamwambia akalale.

Mwanamvua alikuwa mjane. Binti yake wa pekee, Raya, ameolewa Pemba. Alishona miaka ishirini na mbili: magauni ya harusi, sare za shule, mapazia ya watu wenye madirisha mengi. Siku moja sindano ikamwingia kidoleni ikakatikia humo ndani. Kidole kikatunga usaha, cha pili kikafuata, akapasuliwa, akapona. Lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikakamaa moja kwa moja. Na mkono wa kushoto, kwa asiyejua, ndio unaoongoza kitambaa. Akashona gauni la kwanza, mshono ukaenda upogo. Akashona la pili, upogo. Akaifunika cherehani yake kwa kanga, akakaa chini, akalia. Alipomaliza kulia akasema, "Basi. Natafuta kazi nyingine, na nitaipata."

Ndivyo alivyo yule mwanamke. Hulia kwanza, kisha hufanya.

Sasa, mtaa wa pili palikuwa na redio ya jamii, ghorofani, juu ya ghala la zamani la mkonge. Fundi mitambo wao alikuwa amehamia Dodoma kwa wanawe. Meneja wa redio, Bwana Mbelwa, akatangaza hewani: "Tunatafuta fundi mitambo, mmoja. Vyeti vyenu viacheni kabatini. Baada ya miezi minne tutafanya mtihani wa mikono, na atakayeiweza mashine yetu ndiye tutakayemwajiri."

Shughuli ilikuwa kwenye hiyo mashine. Kompyuta ya redio haikuwa na vipicha vya kubofya, wala mausi haikuwa nayo. Ilikuwa na skrini nyeusi na mstari mmoja unaokonyeza. Unaandika amri kwa maneno, inatii. Ukikosea herufi moja, inakugomea. Ilikuwa inatumia Linux, ambao ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, tena huria: hauuzwi, kila mtu ana ruhusa ya kuuchukua, kuuchungulia ndani na kuubadilisha. Na watu walivyopewa ruhusa ya kubadilisha, wamebadilisha kwelikweli! Kuna Linux ya namna hii na ya namna ile, chungu nzima, na kila mwenye yake anaapa kwamba hiyo ndiyo yenyewe.

Mwanamvua alilisikia tangazo akiwa anachambua mchele. Akautazama mkono wake wa kushoto, akautazama wa kulia. "Amri kwa maneno," akasema. "Maneno ninayo." Akachukua laptopu ya zamani aliyoachiwa na Raya, ile yenye picha za harusi, akaenda nayo kwa Fundi Kombo.

Kombo alikuwa Mpemba, mtengeneza simu, ana kibanda chake karibu na soko, mtu wa watu, mcheshi.

"Hodi, Fundi Kombo."

"Karibu, dada. Simu imezima?"

"Simu nzima. Nimekuja kujifunza kazi. Ile skrini nyeusi ya redio, nataka nikiiita iitike."

Kombo akacheka mpaka bisibisi ikamwanguka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Dada, ile inatisha."

"Mimi nimechomwa na sindano mpaka mfupani. Skrini ina sindano?"

Basi Kombo akamwekea mfumo mpole. Mfumo wenyewe una rangi, una vipicha, una mausi, ukichoka unasikiliza taarabu. Na pembeni kuna kidirisha kidogo cheusi cha kuandikia amri. "Ukiogopa," Kombo akamwambia, "funga kidirisha, utajikuta nyumbani." Kisha akafanya jambo moja la huruma. Aliona amri za mashine zimeandikwa kwa vifupisho vya Kizungu, na Mwanamvua ameishia darasa la saba. Akaingia ndani ya mfumo, akazibandika amri majina ya Kiswahili. Kutaka kuona vilivyomo, andika *orodha*. Kunakili, *nakili*. Kufuta, *futa*. Kuhamisha, *hamisha*. Mwanamvua akaandika, mashine ikatii. Wiki ya kwanza aliandika kwa kidole kimoja, wiki ya tatu kwa vitatu. Wiki ya tano hakuifungua tena ile taarabu, yumo kwenye kidirisha cheusi tu, anahamisha mafaili huku na huku kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

"Naiamrisha kompyuta kwa Kiswahili!" aliwatangazia mafundi wenzake wa barabara ya kumi na mbili. Wakampigia vigelegele. Akarudi mbio kwa Kombo, akamwambia, "Fundi, nikihitimu, kilemba ni chako."

Hapo inabidi nisimame kidogo kwa ajili ya wageni. Kwa mafundi wa kwetu, mwanafunzi akihitimu humpelekea fundi wake kilemba. Ni kitambaa kizuri, kipya, na humvika mbele za watu. Hata fundi akiwa mwanamke ukampa kanga, jina lake ni hilo hilo, kilemba. Mwanafunzi mmoja, kilemba kimoja, fundi mmoja. Na ambaye hajatoa kilemba hata awe hodari vipi haitwi fundi, wala haruhusiwi kumsifu mtu kwamba ndiye aliyemfunza. Mwanamvua alishatoa cha ushonaji zamani. Alijua uzito wa neno alilolisema.

Mwezi mmoja na nusu ukapita. Bwana Mbelwa akafungua mlango siku moja, wanaotaka kazi waje kuionja mashine kabla ya mtihani. Watu wakapanga foleni. Zamu ya Mwanamvua ikafika. Akakaa, akainyoosha kanga yake, akaandika *orodha*.

Mashine ikamjibu kwamba amri hiyo haipo.

Akaandika *nakili*. Haipo. Akaandika *hamisha*. Haipo. Jasho likamtoka. Nyuma yake mtu mmoja akasema, "Mama, hapo si pa kutumia salamu!" Wakaangua kicheko, wote, ngazi nzima. Mwanamvua alitamani ardhi ipasuke. Mwanamke mmoja mwenye miwani, aliyekuwa amewaleta wanafunzi wake kutazama redio, akamwinamia. "Hayo majina si ya mashine, mama. Kuna mtu amekutengenezea. Nje ya laptopu yako hayapo."

Alimkuta Kombo anakunywa chai. "Umenifanyia nini, Fundi?"

Kombo akaelewa mara moja. Akakiweka kikombe chini. "Nilikuonea huruma, dada. Nilitaka kukuambia baadaye."

"Huruma yako imenila mwezi na nusu."

Hakumtukana, lakini hakurudi tena. Akamtafuta yule mwanamke mwenye miwani.

Huyo alikuwa Mwalimu Demetria, Mhaya wa Bukoba, anafundisha kompyuta sekondari, anakaa Chumbageni. Mtu wa ratiba. Ukiambiwa saa kumi ukafika saa kumi na dakika tano, unaukuta mlango umefungwa. Akaufuta ule mfumo wa Kombo, picha za Raya akaziacha humo humo diskini, akaweka mfumo mwingine: mkongwe, mtulivu, haubadilikibadiliki. "Huu na ule wa redio ni ndugu wa tumbo moja," akasema. "Na sikuwekei vipicha. Utakachokiona mtihanini ndicho utakachokiona hapa."

"Na amri nizikariri?"

"Usikariri. Soma. Ukisahau amri, andika *man*, acha nafasi, andika jina la amri. Mashine itakufungulia maelezo yake yenyewe. Hutahitaji intaneti wala mtu."

Maelezo yenyewe ni Kiingereza kitupu. Mwanamvua akanunua kamusi ya mtumba. Kila alasiri ukurasa mmoja, neno kwa neno, kamusi kulia, daftari kushoto. Siku za mwanzo ukurasa mmoja ulimla saa tatu. Kichwa kikimuuma alijifunga leso, akaendelea. Baada ya wiki tatu akagundua kwamba maneno ni yale yale yanajirudia, na akaanza kuyatambua kwa sura kabla hajayasoma. Siku hiyo alimshika Mwalimu mikono miwili. "Mwalimu, huku ndiko kujifunza. Kombo alinichezea tu. Kilemba ni chako."

Mnamsikia? Haya.

Mwezi ulipotimia, Mwalimu Demetria akampa mtihani wa majaribio. Maswali kumi. Akasahihisha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Thelathini na nane kwa mia."

Mwanamvua akaivuta karatasi, akazihesabu alama upya.

"Mama Raya, nakuambia kama dada yako. Usijiandikishe. Subiri nafasi nyingine."

"Nyingine lini?"

"Sijui."

"Mwalimu, nafasi ni moja."

"Ndiyo maana nakuambia. Walikucheka mara moja, watakucheka mara ya pili, na safari hii hutainuka."

Maneno hayo yalimwingia kuliko ile sindano. Alisema asante kwa chai, akavaa kandambili zake, akaenda moja kwa moja redioni, akaomba kalamu, akajiandikisha. Mwandiko ulikuwa mbaya kwa hasira, lakini jina lilisomeka.

Zimebaki wiki sita. Aliyebaki ni Haroub, mdogo wake marehemu mumewe, fundi wa mitandao bandarini. Haroub maneno yake ni ya kuhesabu. Ukimsalimia anakuitikia, basi.

"Shemeji," Mwanamvua akamwambia, "thelathini na nane kwa mia. Wiki sita. Nifanyeje?"

Haroub akafikiri. Akatoa flashi mfukoni na karatasi kumi na moja zilizopigwa chapa. "Huu mfumo hauji na kitu. Hauna hata mlango wa kuingilia. Kila kitu unaweka wewe, kwa amri, kimoja kimoja. Ukiwaka, utakuwa unaujua mpaka utumbo. Na usinipigie simu."

"Nikikwama?"

"Utakwama."

Akaondoka zake. Mwanamvua akakaa na karatasi. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, kamusi. Ya nne ikasema chagua diski. Akachagua. Mashine ikauliza, una hakika? Akaandika ndiyo. Alipofika karatasi ya sita ndipo moyo ulipomlipuka: picha za harusi ya Raya. Zilikuwa kwenye diski ile ile. Raya akiwa na hina, Raya akiwa na mumewe, na marehemu baba yake Raya, miezi miwili kabla hajafa, amevaa kanzu mpya anacheka. Hapakuwa na nakala kokote. Raya mwenyewe alikuwa anazitegemea hizo hizo.

Akapiga simu. "Haroub! Picha! Imefuta kila kitu!"

"Karatasi ya nne, mstari wa pili. Imeandikwa."

Akaisoma tena. Kweli, imeandikwa: diski utakayoichagua itafutwa yote. Aliitupa ile laptopu kitandani na siku nzima hakuitazama. Mimi ningekuwa yeye ningeitupa dirishani, nawaambieni wazi. Siku ya pili akaamka, akajipiga moyo konde, akakaa tena mbele yake. Kama picha zimekwenda, angalau zisiende bure.

Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili haikuwaka. Mara ya tatu ikawaka, ikazima. Ya nne haikuwaka. Kila Ijumaa baada ya sala Haroub alipita, akanywa chai, akaitazama skrini huku mikono ameifunga nyuma.

"Shemeji, nigusie hapa tu."

"Mkono wangu ukigusa hiyo kibodi, umeshafeli." Akamaliza chai, akaenda zake.

Mara ya tano ikawaka, ikabaki inawaka. Mstari ukakonyeza. Mwanamvua akapiga kigelegele peke yake chumbani, jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Wiki ya pili yake ikafa tena ilipoongezewa vitu vipya. Akaifungua kwa ile flashi, akatafuta mstari mbovu, akaurekebisha, ikafufuka. Hapo ndipo alipompigia Haroub huku analia: "Imefufuka, shemeji! Nimeifufua mwenyewe! Wallahi kilemba ni chako!"

Akakata simu. Ndipo akakumbuka kwamba kilemba hicho hicho amekwisha kukiahidi mara mbili. Akajipiga kofi la mdomo. Na kila mara alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililomuuma. Hakuna hata mmoja aliyemvika kilemba cha ukoka. Lakini mtihani ulikuwa keshokutwa. Kwanza mtihani.

Walikuja watu tisa, kila mmoja akapewa skrini na kibodi iliyoungwa kwenye mashine ya redio. Bwana Mbelwa akaukata mtandao wa intaneti, akasema, "Kazi ya kwanza. Humo mna vipindi mia tatu vimechanganyika. Vipangeni kwa siku zake." Skrini nyeusi, chumba kimya. Wawili waliitazama, wakasimama, wakaaga. Mwanamvua hakuogopa hata kidogo. Akachukua karatasi, akaandika kwa Kiswahili kile anachokitaka: orodhesha, tenga, hamisha, hakiki. Kisha akazigeuza moja moja kuwa amri za mashine. Akamaliza.

"Kazi ya pili. Taarifa ya habari ipige yenyewe kila siku saa saba mchana." Amri hiyo Mwanamvua hajawahi kuiona maishani. Wenzake wakakisia, wakaandika saba, wakainua mikono kwamba wamemaliza. Yeye akafungua maelezo ya mashine, akasoma. Neno kwa neno, dakika arobaini. Akakuta kwamba mashine huhesabu saa kuanzia saa sita usiku, kwa hiyo saba yake ni saa moja yetu ya asubuhi, na saa saba yetu ya mchana yeye huiita kumi na tatu. Akaandika kumi na tatu. Wale walioandika saba walikuwa wamewapigia wasikilizaji habari wakati wa kupiga mswaki.

"Kazi ya tatu," akasema Bwana Mbelwa, na akaizima mashine. Alikuwa ameiharibu makusudi. "Haiwaki. Iwasheni." Mmoja akabonyeza, akabonyeza, akasema imekufa. Mwingine akasema aitwe fundi. Mwanamvua akafungua pindo la kanga, akatoa flashi. Akaiamsha mashine kwa hiyo flashi, akaingia ndani, akaupekua mfumo chumba kwa chumba, akaukuta mstari ulioharibiwa. Aliutambua kwa sababu mstari kama ule alishauandika kwa mkono wake mwenyewe mara tano. Akaurekebisha. Mashine ikawaka, na spika za redio zikaanza kuimba.

Kazi akapewa. Walimpigia vigelegele hadi barabara ya kumi na nne.

Sasa, jamani, sikilizeni, maana hadithi ndiyo inaanza. Mafundi cherehani kumi wa barabara ya kumi na mbili, wanawake watupu, walikuja kwa Bwana Mbelwa. "Mwenzetu ameweza. Na sisi tunataka. Macho yanatuishia kwa kutunga uzi." Bwana Mbelwa akafurahi. "Chumba kipo, mashine kumi za msaada zipo. Ninachokosa ni mwalimu. Mwanamvua, wewe nakuhitaji kwenye mitambo. Jumamosi, hapa redioni, mvike fundi wako kilemba. Utakayemvika ndiye atakayewafundisha hawa kwa miezi mitatu, na mfumo wake ndio utakaowekwa kwenye mashine zote kumi. Jumamosi ikipita bila jina, chumba nawapa watu wa kwaya, wananisumbua mwaka mzima."

Mwanamvua akanunua kitambaa cheupe chenye tarizi ya uzi wa hariri. Akakipinda pindo mwenyewe, kwa mkono wake ule mbovu, siku nne nzima, mpaka pindo likanyooka. Jumamosi ikafika. Watu wamejaa. Mafundi kumi mstari wa mbele. Na wale watatu wamekuja, kila mmoja amechana nywele, kila mmoja ana ahadi yake moyoni.

Kombo akasimama wa kwanza. "Dada, siku ulipokuja kibandani kwangu ulikuwa hujui kuiwasha. Bila mimi usingevuka hata wiki. Wawili waliokimbia mtihani, walikimbia nini? Woga! Wewe hukukimbia, kwa sababu mimi niliuondoa huo woga kwa Kiswahili chako mwenyewe. Na ile karatasi uliyoiandika mtihanini ilikuwa ya lugha gani?"

"Ya Kiswahili," akasema Mwanamvua.

"Basi."

Mwalimu Demetria akasimama. "Kombo alimpa majina ya uongo, akachekwa mbele ya mji mzima. Bila mimi angeandika *orodha* mpaka leo. Nilimpa mfumo ule ule atakaoufanyia kazi, na nikampa kusoma. Saa saba mchana, Mama Raya. Nani aliyekufundisha kuuliza maelezo badala ya kukisia?"

"Wewe, Mwalimu."

Haroub hakusimama. "Huyu alimwambia asijiandikishe," akasema, akimwonyesha Mwalimu kwa kidevu. Ukumbi ukaguna. Mwalimu Demetria akainamisha uso, kisha akauinua. "Ndiyo, nilimwambia. Niliogopa kwa niaba yake. Lakini wewe ulimfutia harusi ya mwanawe, na baba wa mwanawe, na pole hukumpa."

Haroub akaitikia kwa kichwa. "Kweli," akasema. "Pole sikumpa. Na kibodi sikuigusa. Mashine ilipokufa mtihanini, bila mimi asingeifufua. Shemeji, nani mwingine alikuacha uanguke mpaka ukajua kuinuka?"

"Wewe, shemeji," Mwanamvua akajibu, na machozi yakamtoka, ya shukrani na ya uchungu, asijue yapi ni yapi.

"Kikate vipande vitatu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Mwanamvua akamgeukia kama amemtusi mama yake. "Kilemba hakikatwi! Umekaa wapi wewe?"

"Wafundishe kwa zamu!" mwingine akasema. Bwana Mbelwa akatikisa kichwa: miezi ni mitatu, mashine zote lazima ziwe za namna moja, mwalimu ni mmoja. Na watu wa kwaya walikuwa wamekwisha kufika mlangoni na kinanda chao.

Mwanamvua akasimama katikati, kitambaa mkononi. Akawatazama wale watatu. Kisha akawatazama wale kumi. Kwenye mstari ule kulikuwa na bibi mmoja aliyeogopa hata kushika simu ya mwanawe. Kulikuwa na mmoja asiyeacha kitu mpaka akielewe, na mwingine ambaye ukimwambia hawezi ndipo anapoweza. Wengine ni watu wa kawaida tu, wakichekwa mara moja hawarudi. Akaona kwamba ameulizwa maswali mawili na kitambaa ni kimoja. Anayemdai shukrani huenda si yule anayemtaka awakalie mbele wenzake. Na akimvika mmoja kwa ajili ya wenzake, huenda akamnyima anayemdai shukrani. Na akimvika kwa ajili ya shukrani, chumba kizima kitajifunza kwa njia iliyomfaa mtu mmoja, mkaidi, mwenye vidole vinane.

Kinanda kikagonga mlango. Bwana Mbelwa akatazama saa. Mwanamvua akashusha pumzi, akakikunjua kitambaa, akapiga hatua tatu, akakiinua juu.

Alimvika mtu, msidhani alitoroka. Mimi najua ni nani, na sisemi, na mkinibembeleza mpaka asubuhi sisemi. Semeni nyinyi. Kombo aliyemtoa woga akamfanya achekwe. Demetria aliyempa kusoma akamwambia hawezi. Haroub aliyemfanya fundi na kumfutia sura ya mumewe. Je, nani alistahili kilemba? Na kama wewe ndiye yule bibi wa mstari wa mbele, unayeogopa hata kushika simu, na chumba kitafungwa sasa hivi, je, ungeomba avikwe yule yule?